Jani la Sale Mkononi mwa Aloyce

Jumapili, Julai. Uru.

Siku ya tisa leo mlima haujaonekana. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba, nguo nilizofua Alhamisi bado zinanuka unyevunyevu, na humu ndani tunavaa masweta mawili mawili. Nimekaa jikoni karibu na moto. Simu ina chaji kidogo, Aloyce amesinzia, na mimi nina hasira na aibu kwa pamoja. Sijui ipi ilianza, kwa hiyo nitaandika zote mbili kama zinavyokuja.

Wanaosoma blogu hii tangu zamani wanamjua Aloyce. Kwa mgeni: ni mwanangu, ana miaka mitatu na nusu, na ana mtindio wa ubongo kwa sababu alikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Hakai bila kushikiliwa. Haongei. Chakula chake lazima kipondwe kiwe laini kabisa, na hata hivyo hupaliwa. Kucheka anacheka, hasa akisikia kuku wanagombana. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda soko la Kiboriloni, na nikiwa kazini Aloyce anabaki na bibi yake, mama wa mume wangu Prosper. Tunaishi naye hapa hapa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo.

Nimeandika "alikosa hewa". Nimeiandika sentensi hiyo mara nyingi na kila mara inaniudhi, maana inasikika kana kwamba hewa ndiyo iliyokosea.

Ilikuwa tarehe ishirini na nne Desemba. Mtu wa huku hahitaji kuelezwa Desemba ilivyo. Wachagga wote wa Dar na Mwanza wanapanda nyumbani, kila uani kuna gari lenye vumbi la safari, mbuzi wanachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inapikwa kwa mapipa. Uchungu ulinianza alfajiri. Prosper ni mwongoza watalii, na siku hiyo alikuwa mlimani na wageni. Mpango wetu ulikuwa kushuka hospitali kubwa mjini, na begi lilikuwa tayari mlangoni. Mama mkwe akauliza kwa nini tushuke kuhangaika na foleni sikukuu hii, wakati kituo cha afya hapa juu tuna mtu wetu.

Mtu wetu alikuwa nesi Mectilda, mkunga wa miaka mingi, mtoto wa kaka yake mama mkwe. Kwa Prosper ni dada, kwa hiyo kwangu ni wifi. Jina la kituo siliandiki, maana sitaki kesi mbili.

Tuna mtu wetu. Nchi hii ukiwa na mtu wako umepona: faili lako halipotei, mtoto wako anapata shule, hata ndizi sokoni unaongezewa. Nilifurahi kuliko mama mkwe mwenyewe. Sikujua kwamba mtu wako ndiye anayeweza kukuacha bila wasiwasi. Mgonjwa asiyemjua, nesi angemwogopa kidogo, pengine ana ndugu mkubwa serikalini. Mimi, kwa kuwa ni ndugu, nitaelewa.

Saa mbili asubuhi alinipima, akasema njia imeanza kufunguka na mtoto yuko vizuri. Akaniambia, "Wifi, vumilia, usije ukaniaibisha kwa makelele." Saa nne mama mkwe alinipitia na chupa ya uji. Baada ya hapo sikumwona Mectilda tena, ikapita saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kulikuwa na dada wa usafi peke yake, anapiga deki. Maji yaliponitoka yalikuwa ya kijani, kama maji yaliyochemshiwa mboga. Nilimwonyesha yule dada. Akayatazama, akasema, "Mimi sijui, mama, ngoja nesi arudi." Nikangoja nesi arudi.

Sikupiga kelele.

Simu ilikuwa chini ya mto. Shemeji yangu mmoja ana bodaboda, angefika kwa dakika kumi. Sikumpigia. Niliona nitamwaibisha wifi kwenye kituo chake, nitaonekana ni yule mwanamke wa Rombo asiye na subira aliyeolewa Uru kuja kusumbua watu na sikukuu yao. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi uchi niliuonyesha, nikaficha sauti. Hakuna siku nimemaliza bila kufikiria jambo hilo, na wanaoniandikia hapa kwamba nisijilaumu nawashukuru, lakini hawakuwepo pale kitandani.

Aloyce alizaliwa saa kumi na dakika ishirini, na hakulia. Mectilda alikuwa amerudi muda mfupi kabla, amevaa kitenge kipya chini ya koti jeupe, ananukia moshi wa nyama. Walimsugua mgongo, wakamfinya nyayo, wakampulizia hewa kwa ule mpira. Kisha gari, mjini, wiki mbili kwenye oksijeni. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume anachukua jina la baba wa baba yake, kwa hiyo alikuwa na jina kabla hajawa na pumzi. Tukaambiwa ni kazi ya Mungu. Hata mimi nilisema hivyo kwa watu, karibu miaka miwili.

Mwaka jana kwenye kliniki ya mazoezi daktari mmoja kijana aliniomba kumbukumbu za uzazi. Nilihangaika nazo miezi mitatu mpaka nikapewa nakala ya ile karatasi kubwa wanayofuatilia uchungu, ambayo mkunga anatakiwa aandike mapigo ya moyo wa mtoto kila nusu saa. Mimi si daktari. Lakini ni fundi, na ninaijua nguo iliyoshonwa taratibu kwa siku nne, na ninaijua iliyopigwa kwa mkupuo mmoja mteja akiwa amesimama mlangoni. Karatasi ile ilikuwa ya mkupuo. Kalamu moja, mwinamo mmoja, mkono haujachoka wala kushtuka popote, toka saa mbili asubuhi mpaka saa kumi. Kila nusu saa moyo wa mwanangu ulikuwa mzuri. Kwa karatasi ile alikuwa mzima wa afya mpaka dakika aliyozaliwa akiwa nusu maiti.

Nikaandika malalamiko. Barua ya kwanza haikujibiwa, ya pili ilijibiwa kwamba ya kwanza haikufika. Ya tatu ndiyo imezaa kitu: kamati imeniita Jumatano hii, saa tatu asubuhi, mjini. Nifike mwenyewe nieleze kwa mdomo wangu. Nisipofika, au nikisema nimesamehe, jalada linafungwa. Wakiona kosa, Mectilda anaweza kufutiwa leseni.

Ndiyo sababu leo walikuja na sale.

Kwa msomaji wa Lindi au Tabora: sale ni mmea wa majani marefu ya kijani tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Mchagga akikukosea, hata kosa zito, akakuletea jani la sale, unapokea. Ukishapokea umesamehe, na ukishasamehe hulitaji tena lile jambo, nyumbani wala barazani. Kulikataa jani ni mkosi na fedheha ya ukoo mzima. Ninawafahamu watu hapa ambao hawaogopi kukosa misa mwaka mzima, lakini sale hawathubutu kulikataa.

Nikiri kitu kingine. Wiki hii yote nilikuwa naombea waje. Nimechoka. Majuzi mama mmoja aliniletea mtoto sokoni nimpime sare ya chekechea. Tulikuwa tumelazwa naye wodi moja kule mjini, watoto wetu wanapishana siku mbili. Yule mtoto hakutulia, nikipima bega anakimbilia vifungo, nikipima kiuno anarukaruka. Nilimshonea, nikapiga pasi, nikamfungia kwenye gazeti. Jioni nilipofika nyumbani nilimpima Aloyce na yeye. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Namba zake ninazo kwenye daftari, na hakuna sare nitakayoshona nazo.

Na kuna asubuhi ninaamka, kabla sijageuka kumtazama, natamani nimkute ameshaenda. Halafu nasikia anapumua na namshukuru Mungu, na shukrani hiyo pia ni ya kweli. Padri niliyemwungamia aliniambia nisali rozari. Nimesali.

Walifika saa nane, baada ya misa ya pili. Mectilda, na mjomba Kasimiri, mdogo wake mama mkwe, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wao. Ndoo ya mbege imefunikwa jani la mgomba. Prosper aliwapokea, ameshuka mlimani juzi na midomo bado imempasuka kwa baridi. Mimi nilikuwa kwenye benchi nimempakata Aloyce. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa jiko, anamenya ndizi za kupika supu ya mtori. Wiki nzima amekuwa hali vizuri na haongei. Mimi nilidhani ni presha.

Hapa lazima nieleze mikono ya Aloyce. Vidole vyake vimejikunja muda wote. Huwa namshonea vifurushi vidogo vya flana, navijaza pamba, vinakaa viganjani ili kucha zisimchane. Kitu chochote kikigusa kiganja chake, vidole vinafunga: kijiko, nywele zangu, mkia wa paka. Hafungi kwa kupenda na kufungua hawezi. Ni ubongo ule ule uliokosa hewa ndio unaomfunga. Leo mchana vile vifurushi nilikuwa nimevifua, vimeanikwa juu ya jiko.

Tulisalimiana. Nilimpa mjomba shikamoo na Mectilda pia, kwa kuwa ni mkubwa kwangu, na akaitikia akiwa anatazama viatu vyake. Kwa desturi yetu mwenye kosa hazungumzi, anazungumziwa. Mjomba Kasimiri akasimama na jani mkononi, limefungwa fundo, bichi kabisa, bado lina umande.

"Mama Aloyce," alianza, "sisi hapa si wageni. Dada yangu ameolewa nyumba hii, na Mectilda ni mtoto wetu. Mtoto akikunyea mkononi, mkono huukati, unaosha. Lile jambo limetuumiza sote. Ruwa, Mungu wetu, ndiye ajuaye kwa nini lile jambo lilitokea. Mimi ninachosema, mama, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

Aliendelea hivyo, na kwa jumla alisema "lile jambo" mara sita, nilihesabu. Hakusema ni jambo gani, siku gani, nani alifanya. Sisi ndivyo tulivyo, funika kombe mwanaharamu apite. Na ile methali yake ya ndwele ilinipanda kichwani. Ndwele si ugonjwa? Wangu ulikuwa umelala mapajani kwangu, udenda unamtoka, uzito wake umenitia ganzi mguu wa kushoto.

Akanyoosha jani. Mikono yangu ilikuwa chini ya kanga ya Aloyce, nikaiacha huko huko. Nilikuwa nataka kuitoa. Nasema kweli. Nilikuwa naiambia itoke, ichukue jani, yaishe, Jumatano nishone sare za watu kwa amani. Prosper akainama akaninong'oneza, "Pokea, mama, tupumzike." Mikono haikutoka.

Mzee alisubiri. Sijui alichoka kunyoosha mkono au alikuwa na akili zake. Akainama, akaliweka jani kwenye kiganja cha Aloyce.

Vidole vikafunga.

"Mtoto amepokea!" mjomba alisema kwa sauti, machozi yanamlengalenga. "Mmeona wenyewe. Malaika amesamehe." Mectilda akaangua kilio, akapiga magoti pale pale kwenye udongo. Prosper alishusha pumzi ndefu, sijamsikia akishusha pumzi ile tangu tuoane. Mtu akafunua ndoo ya mbege. Wote walikuwa wanafurahi kwelikweli, hakuna aliyekuwa mnafiki, na mimi nilikaa pale katikati yao nikiwa najua kile ni kitu gani. Ni ugonjwa wenyewe aliomsababishia. Ugonjwa ndio uliomsamehe.

Nilimkunja Aloyce kifundo cha mkono taratibu, kuelekea chini, kama walivyonifundisha kliniki. Ukikunja kifundo vidole vinalegea. Kisha gumba. Kisha kimoja, kimoja. Prosper alisema, "Usifanye hivyo," lakini kwa sauti ndogo. Nikalitoa jani, limejikunja katikati, nikamgeukia Mectilda pale alipopiga magoti.

"Wifi," nikamwambia, "nitalipokea. Niambie tu uliondoka saa ngapi, na ulirudi saa ngapi."

Nilikuwa simtegi. Nilikuwa ninamaanisha. Leseni yake siihitaji, haitamfundisha Aloyce kukaa. Kwa miaka mitatu na nusu nilichotaka ni mtu mmoja aliyekuwepo aseme kwa mdomo wake kwamba kulikuwa na saa ambazo hapakuwa na mtu. Angesema tu, ningelishika jani kwa mikono miwili mbele ya wote, na Jumatano ningekaa nyumbani. Nilishaamua.

Mectilda alinitazama kwa mara ya kwanza. Macho yamemvimba. "Sikumbuki, wifi," akasema. "Mungu wangu anajua, sikumbuki."

Nilimwamini.

Hapo ndipo moyo wangu ulipovunjika. Mimi nakumbuka rangi ya ndoo ya deki. Nakumbuka nzi mmoja kwenye dirisha, nakumbuka redio ya nyumba ya jirani ilikuwa inapiga nyimbo za Noeli na ikakatika umeme katikati. Yeye hakumbuki, na hakumbuki kwa sababu kwake haikuwa siku ya ajabu. Alishatoka zamu mara ngapi akarudi akakuta mama amejifungua salama, akajaza karatasi, akaenda zake? Kuondoka kulikuwa mazoea yake. Ni kwetu tu mazoea hayo yalipozaa maafa.

"Mimi nakumbuka."

Alikuwa mama mkwe. Hakuinua kichwa. Kisu kilikuwa kinaendelea kumenya.

"Alitoka saa nne na nusu," akasema. "Nilimwita mimi. Nilipoleta uji nilimkuta mlangoni, nikamwambia, Mectilda, huyu ni uzazi wa kwanza, hata jioni hajazaa, twende tukawapokee kaka zako, mbuzi ameshachinjwa. Akasema shangazi, siwezi kumwacha. Nikamwambia mkwe wangu ni jasiri, hana makelele. Tulirudi saa kumi kasoro robo."

Mjomba Kasimiri alimkemea kwa Kichagga, anyamaze. Akawa ameshanyamaza, alikuwa amemaliza.

Mbege ilikuwa imeshamiminwa kwenye kata na haikuwa na mnywaji. Mectilda alinyanyuka, akapangusa magoti. Waliondoka bila kuaga vizuri, ndoo wakaiacha. Prosper alisimama uani muda mrefu, halafu akanijia akauliza kitu kimoja tu: "Na mama yangu utamtaja?" Akachukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe, na ng'ombe wana majani ya siku tatu.

Jani lipo kwenye benchi. Hakuna anayethubutu kulitupa na hakuna anayethubutu kulichukua.

Nilimfuata mama mkwe jikoni nikiwa nimejaa maneno. Nilitaka kumuuliza miaka yote hii aliwezaje, tunakula sahani moja, ananisikiliza usiku nikilia kwamba hapakuwa na mtu, hapakuwa na mtu. Sikupata nafasi. Alisema, "Nilijua siku moja utaniuliza. Nangoja uniulize tangu mtoto ana wiki mbili. Hukuniuliza, mwanangu." Halafu akanyoosha mikono amchukue Aloyce, kwa sababu ilikuwa saa yake ya kula.

Nikampa.

Nilimpa, na nikakaa kutazama. Hakuna mtu duniani anayejua kumlisha Aloyce kama yeye, hata mimi. Anamwegemeza kifuani, anamshika kidevu kwa vidole viwili, anangoja ameze, anangoja tena. Bakuli moja la mtori linachukua saa nzima. Kila asubuhi anamnyoosha miguu kwa mafuta ya parachichi akimwimbia Kichagga. Ana goti bovu, na bado anambeba mgongoni mpaka kwenye mfereji ili asikie maji. Mimi nilikuwa nawaambia wateja sokoni kwamba Mungu alininyima kimoja akanipa mama mkwe. Sasa kila nikimkumbuka hivyo najiuliza kama yalikuwa mapenzi au kitubio. Na kama ni kitubio, je, Aloyce amepungukiwa na nini? Alishiba.

Wanasema kikulacho ki nguoni mwako. Wasichosema ni ufanyeje ikiwa anayekulelea mtoto naye yumo kwenye nguo hiyo hiyo.

Nimejaribu kumchukia tangu saa kumi. Ninamchukia, kisha namsikia anakohoa chumbani natamani nimpelekee maji ya moto. Nimejaribu pia kufikiria kwamba nisiende Jumatano. Mectilda bado yuko zamu. Desemba itafika, magari yatapanda, na kitandani pale atalala mwanamke mwingine jasiri asiye na makelele. Hilo ndilo linalonizuia kukaa nyumbani. Sijifanyi mtetezi wa akina mama. Ni kwamba sasa najua, na siwezi kujifanya sijui.

Lakini kamati itaniuliza najuaje saa. Nitasema nini? Nitasema nimeambiwa na aliyekuwa naye. Watauliza ni nani. Wataandika jina. Hapa Uru jina likishaandikwa mjini, kabla ya jioni limeshapanda mlima, na Jumapili ijayo mama mkwe atakaa benchi gani kanisani? Nani atakuja kumzika siku yake? Naandika haya na najua kwamba kwa kuyaandika nimeshaanza kusema. Sijataja jina lake. Kila mtu wa kijiji hiki akisoma atajua.

Sijapata faraja ya kuwapa leo. Ukweli niliokuwa nautafuta nimeupata, na Aloyce yuko vile vile.

Nimehesabu pia wa kumwachia Jumatano. Prosper ana wageni, anapanda mlimani Jumanne. Mama yangu yuko Rombo na mgongo hauwezi. Jirani anampenda Aloyce lakini anaogopa kumlisha, aliwahi kumlisha akapaliwa, wote wawili wakalia. Nimezunguka kila jina ninalolijua, nimerudi pale pale.

Sasa hivi mama mkwe amechungulia hapa jikoni. Ameuliza Jumatano naondoka saa ngapi, ili aamke mapema amtengenezee mtoto mtori.

Nimemwambia saa mbili.

"Haya, mwanangu," akasema, akarudi kulala.